Baba kaanza losartani, kreatinini imepanda kutoka 168 hadi 196. Aache dawa?

BintiWaKibosho

Habari wadau, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba wanaoyajua mambo ya figo na presha wanisaidie.

Baba ana miaka 58, anaishi Kibosho. Ana presha ya muda mrefu, kisukari hana. Mwezi wa tatu alipima Moshi mjini: kreatinini 168, potasiamu 4.7, mkojo una protini alama mbili. Daktari akasema figo ziko hatua ya 3B, katika hatua tano za ugonjwa wa figo. Alikuwa anameza amlodipini 10 na haidroklorothiazaidi 25 (dawa ya maji), akaongezewa losartani 50. Baada ya wiki tatu karudia vipimo: kreatinini 196, potasiamu 5.3. Presha ya nyumbani ilikuwa 165 kwa kitu, sasa inacheza kwenye 150/88. Jioni miguu inavimba.

Duka moja la dawa wamemwambia losartani ndiyo inayoua figo, aiache mara moja abaki na amlodipini. Kliniki ni mpaka mwezi ujao. Magoti yanamsumbua, akitoka shambani anameza Diclopar. Chakula ni kile cha kwetu, ndizi karibu kila siku.

Aache au asiache? Na hiyo potasiamu ni ya kuogopa?

Mfamasia_Ngarenaro

Dada, losartani asiache. Cha kuacha leo hii ni Diclopar.

Tuanze na kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayotolewa na figo; uchujaji ukipungua, yenyewe inapanda. Figo ina vichujio vidogo sana, kila kimoja kina mshipa unaoingiza damu na mwingine unaoitoa. Losartani inalegeza zaidi ule wa kutoa, hivyo presha ndani ya kichujio inashuka. Presha ikishuka pale, damu inayochujwa kwa dakika inapungua kidogo, na kreatinini inapanda kidogo kwenye wiki za mwanzo kisha inatulia. Kushuka huko huko ndiko kunakopunguza protini inayovuja kwenye mkojo, na ndiko kunakolinda figo kwa miaka inayokuja. Kwa hiyo kupanda kidogo kunategemewa kabisa. Figo haijachomwa na dawa.

Kidogo ni kiasi gani? Mpaka unaotumika ni asilimia 30 juu ya kipimo cha mwanzo, ukipima ndani ya wiki mbili hadi nne tangu dawa ianze au dozi iongezwe. Kwa mzee, 196 toa 168 ni 28, na 28 kwa 168 ni kama asilimia 17. Mpaka wake ungekuwa kwenye 218 hivi. Bado yuko ndani. Hata angevuka, hatua ya kwanza ingekuwa kutafuta sababu: mwili umekauka maji, presha imeshuka mno, kuna dawa ya maumivu inamezwa kimyakimya, au mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye figo imekuwa myembamba. Hiyo ya mwisho inaangaliwa kwa picha.

Sasa Diclopar. Ndani yake kuna diklofenaki pamoja na parasetamoli. Diklofenaki inaubana ule mshipa wa kuingiza damu. Tazama kinachotokea: losartani imelegeza mlango wa kutokea, diklofenaki imebana wa kuingilia, haidroklorothiazaidi imepunguza maji, na mzee ametoka shambani ametokwa jasho tangu asubuhi. Hapo kichujio kinakosa presha kabisa. Watu wengi wanaofika hospitalini figo zimegoma ghafla wamepita njia hii, na kila dawa peke yake ilionekana haina neno. Juu ya hapo, diklofenaki inazuia chumvi isitoke, inapandisha presha na inapandisha potasiamu. Inawezekana kabisa sehemu ya hiyo 150 na sehemu ya hiyo 5.3 vinatoka kwenye kidonge cha magoti.

Ndugu zake ni ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu, aseklofenaki, na zile sindano za maumivu wanazochomwa watu mitaani. Zote aziweke kando. Atumie parasetamoli peke yake, gramu 1 kwa wakati mmoja, isizidi gramu 3 kwa siku. Na goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, msidhani ni uzee tu: haidroklorothiazaidi inapandisha asidi ya yuriki na inaweza kuleta gauti. Hiyo inatibiwa kivingine, na dawa zake kwa mwenye figo dhaifu lazima dozi ipangwe na daktari.

Potasiamu ya 5.3 si ya kukimbilia hospitali usiku, lakini si ya kusubiri mwezi mzima pia. Arudie ndani ya wiki moja hadi mbili akiwa ameshaacha Diclopar. Madaktari wengi huendelea na losartani mpaka 5.5. Ikivuka hapo wanapunguza dozi, wanashughulikia chakula, au wanaongeza dawa ya kuitoa. Ikifika 6 na kuendelea ni siku hiyo hiyo hospitali, apimwe na moyo kwa mashine, kwa sababu potasiamu nyingi inaharibu mapigo na mara nyingi mgonjwa hasikii kitu chochote kabla.

Ila hakikisheni ile 5.3 ni ya kweli. Chembe za damu zina potasiamu nyingi ndani, zikipasuka kwenye chupa inamwagika na kipimo kinasoma juu. Zinapasuka damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, na hata zisipopasuka, sampuli ikikaa saa nyingi kabla ya kufika maabara potasiamu inavuja yenyewe. Kuna na lile la kumwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi huku mpira umefungwa mkononi: hilo peke yake linaipandisha. Akirudia, atolee damu pale pale penye maabara, asikunje ngumi, na mpira ulegezwe mara damu inapoanza kuja.

Mdau_UsaRiver

Mkuu Mfamasia, umeeleza vizuri ila nina neno. Tumefundishwa kwamba kwa watu weusi hizi losartani na enalaprili zinashusha presha kidogo kuliko amlodipini na dawa za maji. Kama presha bado ni 150, si bora kweli abaki na amlodipini na kuongeza ya maji?

Mfamasia_Ngarenaro

Ni kweli kwa presha peke yake, zikitumika moja moja. Ndiyo maana kwa mtu mwenye presha tu, figo nzima, tunaanza na amlodipini au dawa ya maji. Ila mzee ana figo zinazovuja protini, na hapo tunatafuta vitu viwili: namba ya presha na uhai wa figo. Havitembei pamoja kila mara.

Jambo hili lilipimwa kwa watu weusi wenyewe. Marekani kulikuwa na utafiti uitwao AASK, Wamarekani weusi 1,094 wenye figo zilizoharibiwa na presha, wakagawanywa kwenye ramiprili, metoprololi na amlodipini. Kundi la amlodipini lilisimamishwa mapema, mwaka 2000, kwa sababu wa ramiprili figo zao zilikuwa zinadumu vizuri zaidi, hasa wenye protini kwenye mkojo. Matokeo kamili yalitoka 2002. Ramiprili na losartani si kundi moja, ila zinafanya kazi kwenye njia ile ile.

Kwa hiyo jibu ni zote mbili kwa pamoja: losartani kwa ajili ya figo, amlodipini na ya maji kwa ajili ya namba. Mwenye figo na presha kumeza dawa tatu ni jambo la kawaida, asione kama ameshindikana.

Onyo moja kubwa. Losartani isiishe dukani au zahanati mkapewa enalaprili, kaptoprili au lisinoprili, halafu losartani ikipatikana mzee akameza zote mbili. Ni moja au nyingine. Kuchanganya kulijaribiwa kwenye tafiti kubwa, ONTARGET ya 2008 na VA NEPHRON-D ya 2013, na kilichoongezeka ni potasiamu na figo kugoma ghafla. Angalieni pia boksi: losartani yenye herufi H mwishoni mwa jina ina haidroklorothiazaidi ndani, kawaida 12.5. Akipewa hiyo na bado anaendelea na kidonge chake cha 25, dozi ya maji imepanda bila mtu kujua. Na akibadilishiwa kwenda enalaprili, kikohozi kikavu kinachokera ni cha dawa. Midomo au ulimi kuvimba ni dharura, na akipona asiirudie tena maisha yake yote.

Muuguzi_Majengo

Nimesoma, naongeza upande wa kipimo na miguu, maana hapa ndipo dozi zinaongezwa ovyo.

Hiyo 150 imepimwaje? Mashine iwe ya mkono wa juu, si ya kifundo. Mkanda ulingane na mkono: ukiwa mdogo kwa mkono mnene unasoma juu kuliko ilivyo. Baba akojoe kwanza, akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini bila kupachika, mkono uegemee meza usawa wa moyo, atulie dakika 5 bila kuongea. Kahawa iwe imepita nusu saa. Najua Kibosho kikombe cha kahawa hakikosi, lakini asubiri. Mkanda ukae kwenye ngozi, sio juu ya sweta. Apime mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza mziache, zilizobaki mtafute wastani. Huo wastani andikeni kwenye karatasi aende nao kliniki. Una thamani kuliko kipimo kimoja cha daktari baada ya mzee kupanda daladala na kukaa foleni.

Lengo: Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2021, wanataka ya juu iwe chini ya 130 kwa mwenye ugonjwa wa figo. Mwongozo wa wataalamu wa figo wa KDIGO, nao wa 2021, unakwenda mpaka chini ya 120, ila kwa presha iliyopimwa kwa utaratibu kama huo niliouandika na kwa mgonjwa anayeivumilia. Kwa mzee ningeanza na 130. Apime na akiwa amesimama, baada ya dakika moja na ya tatu. Ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akisikia kizunguzungu, daktari ajue kabla ya kuongeza chochote.

Miguu sasa. Amlodipini ya 10 inavimbisha miguu watu wengi. Inalegeza mishipa midogo, majimaji yanapenyeza kwenda kwenye nyama na kushuka miguuni. Huo uvimbe unakuwepo jioni, asubuhi umepungua, uso haujavimba na uzito haujaongezeka sana. Kosa linalofanyika ni kumpa mtu Lasix (furosemaidi, dawa ya maji) kwa ajili yake: uvimbe wa amlodipini hauondoki vizuri kwa Lasix, unachopata ni mwili mkavu na kreatinini juu. Daktari akiona ni huo, kawaida anashusha amlodipini mpaka 5, na losartani yenyewe inausaidia kupungua. Lakini akiamka na uso umevimba, mkojo una povu zito lisiloisha, au uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, hayo ni maji ya figo au moyo, na hapo dawa ya maji ina kazi. Nunueni mizani. Apime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai.

Kuhusu dawa ya maji yenyewe: kwa 196 figo zake zinafanya kazi kama 34 hivi kwenye ile hesabu ya uchujaji (eGFR), inayokadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika. Haidroklorothiazaidi bado inafanya kazi. Hesabu hiyo ikishuka chini ya 30, dawa inakuwa dhaifu, na madaktari huhamia furosemaidi, au klorothalidoni ikipatikana. Furosemaidi anapewa asubuhi, na kama ni mara mbili basi ya pili saa nane mchana. Akiinywa jioni hatalala kwa kwenda chooni, na ndipo wagonjwa wanapoamua kuiacha wenyewe.

BintiWaKibosho

Asanteni sana, Mungu awabariki. Diclopar nimeshampigia simu mama aifiche. Kuhusu chakula je? Watu wanamwambia mwenye figo haruhusiwi ndizi kabisa. Kwa Mchagga hiyo ni adhabu. Na akipata kuhara, dawa anaendelea nazo?

Lishe_Himo

Dada, ndizi hazikatazwi kwa kuwa tu mtu ana figo. Zinapunguzwa kwa kuangalia namba ya potasiamu. Angekuwa amebaki kwenye 4.7 nisingemgusa. Kwa 5.3 tunapunguza mpaka kipimo kirudi, halafu tunaangalia upya.

Potasiamu inayeyuka kwenye maji. Ndizi zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwenye maji mengi, yale maji yamwagwe yote, ndipo zipikwe upya na maji mapya na nyama. Zinabaki na ladha, ila sehemu kubwa ya potasiamu imekwenda na maji. Tatizo la mtori na machalari yanavyopikwa kawaida ni kwamba maji hayamwagwi, yote yanaishia kwenye bakuli. Viazi mviringo na magimbi, fanyeni hivyo hivyo. Parachichi huwezi kulichemsha, kwa hiyo kwa sasa aliache, pamoja na juisi za matunda na maji ya dafu. Maharage ale kidogo, maji ya kuchemshia ya kwanza yamwagwe. Ugali na wali havina shida.

Kubwa kuliko ndizi ni chumvi. Siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, na humo hesabuni kila kitu: ya kupikia, ya mezani, vile vidonge vya mchuzi, mkate. Na magadi, dada. Magadi ni sodiamu. Kiburu chenye magadi na maharage yaliyolainishwa kwa magadi vinampa mzee sodiamu ambayo hakuna anayeihesabu, kwa sababu mama anasema kweli kabisa kwamba chumvi ameweka kidogo. Chumvi nyingi inaifanya losartani ishindwe kupunguza protini, hata dozi ikiongezwa. Mtu anaongezewa vidonge kumbe sufuria ndiyo inavishinda.

Msije mkanunua zile chumvi zinazouzwa kama nzuri kwa wenye presha. Nyingi zimepunguzwa sodiamu kwa kuwekewa kloridi ya potasiamu. Kwa mwenye presha na figo nzima zinasaidia. Kwa baba yako na hiyo losartani, ni hatari.

Supu za mizizi na dawa za kienyeji za figo, asitumie. Hakuna anayejua kipimo chake wala kilichomo.

Mfamasia_Ngarenaro

Kuhara na kutapika: swali zuri. Siku ambayo anahara sana, anatapika, au ana homa na hali wala hanywi, asimeze losartani wala haidroklorothiazaidi siku hiyo. Amlodipini inategemea presha, ikiwa ya juu iko chini ya 100 nayo aisubirishe. Akishakula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48, anarudi kwenye dozi zake zile zile. Wengi wanasimamisha vizuri lakini hawarudi, miezi inapita, protini inaendelea kuvuja. Ikizidi siku mbili bila nafuu, au mkojo umekuwa kidogo sana, aende apimwe kreatinini na potasiamu. Dripu za kuchomwa nyumbani hapana.

Nimesahau Septrin. Mzee akipata kikohozi au mkojo kuuma akaandikiwa hiyo, aseme mapema kwamba anameza losartani na potasiamu iko juu. Septrin inazuia potasiamu kutoka kwenye mkojo, na ikikutana na losartani kwa mtu wa figo inaweza kuipandisha ndani ya siku chache. Spironolaktoni, dawa nyingine ya maji, vivyo hivyo, isianzishwe bila kupanga siku ya kurudia damu. Na atenololi, kama ipo kwenye kabati la nyumbani, inatolewa na figo, kwa hiyo kwake inajikusanya. Asijiongezee.

Halafu losartani zake zisigawiwe. Kama kuna binti au mkwe mjamzito hapo nyumbani mwenye presha, dawa hizi zinaharibu figo za mtoto tumboni.

BintiWaKibosho

Nimeelewa. Kwa hiyo akirudia potasiamu ikawa chini ya 5, losartani itabaki 50?

Muuguzi_Majengo

Hapo ndipo daktari anaweza kuipandisha mpaka 100, kwa sababu dozi zilizoonyesha kulinda figo ni za juu, na presha yake bado ina nafasi ya kushuka. Ikipandishwa, kreatinini na potasiamu vinarudiwa tena baada ya wiki mbili hadi nne, na mpaka wa asilimia 30 unahesabiwa kutoka kwenye kipimo cha kabla ya kupandisha. Aombe pia mkojo upimwe uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini, sio ile karatasi ya alama tu. Karatasi inabadilika na mkojo kuwa mzito au mwepesi, uwiano ndio unaoonyesha kama losartani inafanya kazi. Maabara za hospitali kubwa kama KCMC wanaupima. Mkojo wa asubuhi ndio mzuri.

Na amuulize daktari kuhusu dapagliflozini au empagliflozini. Zilianza kama dawa za kisukari, lakini tafiti za DAPA-CKD 2020 na EMPA-KIDNEY 2022 zimeonyesha zinalinda figo hata kwa asiye na kisukari. Gharama ndiyo kikwazo kwa wengi, ulizeni bima inasemaje.

BintiWaKibosho

Swali la mwisho, samahani. Ameze asubuhi au usiku? Jirani anasema dawa ya presha ya usiku ndiyo inalinda moyo.

Mfamasia_Ngarenaro

Utafiti wa TIME wa Uingereza, 2022, ulilinganisha asubuhi na jioni kwa watu zaidi ya elfu 20, haukuona tofauti kwenye kiharusi, mshtuko wa moyo wala vifo. Achague saa ambayo hataisahau. Ya maji tu ndiyo ibaki asubuhi.

Siku ya kupima damu ameze dawa zake kama kawaida, na aende na maboksi yote mfukoni, hata ya zile alizoacha. Kwenye karatasi aandike na tarehe aliyomeza Diclopar ya mwisho, daktari ataihitaji kusoma hiyo kreatinini mpya.